Jinsi ya Kurekodi Albamu ya Bluzi Bendi Ikishazeeka: Mwongozo Kamili

Desemba 2015 The Rolling Stones waliingia studio ya British Grove, Chiswick, magharibi mwa London, wakiwa na nia ya kurekodi nyimbo zao mpya. Chumba kilikuwa kigeni kwao na sauti ikagoma kukaa. Keith Richards akatoa wazo: tupige kwanza ule wimbo wa Little Walter, gwiji wa harmonika ya bluzi, masikio yazoee chumba. Wakaupiga. Ukatoka mzuri kuliko kitu chochote walichokuja nacho, wakapiga na mwingine. Prodyuza wao, Don Was, hakuwakatiza. Siku tatu za kazi, tarehe 11, 14 na 15, zikazaa nyimbo 12, na hata mmoja haukuwa wao. Albamu hiyo, Blue & Lonesome, ilitoka tarehe 2 Desemba 2016. Ilikuwa albamu yao ya kwanza ya studio tangu 2005. Ilishika namba moja Uingereza, na Januari 2018 ikachukua Grammy ya albamu bora ya bluzi asilia.

Kisa hiki husimuliwa kama bahati ya mtende. Kinachosahaulika ni kwamba siku tatu zile zilitanguliwa na zaidi ya miaka 50 ya kujifunza. Mick Jagger, mwimbaji wa bendi, na Richards walikutana tena ukubwani mwaka 1961 kwenye stesheni ya treni ya Dartford, na kilichowaunganisha ni sahani za Chuck Berry na Muddy Waters alizokuwa amezikumbatia Jagger. Jina la bendi lenyewe limetoka kwenye wimbo wa Muddy. Juni 1964, wakiwa vijana, walikwenda hadi Chicago, namba 2120 South Michigan Avenue, kurekodi kwenye studio za Chess, kampuni ya rekodi za bluzi, mahali pale pale walipokuwa wakirekodi wale waliowaabudu.

Basi mwongozo huu ni kwa yeyote aliye na bendi kongwe ya roki mikononi, awe mwanabendi, meneja, prodyuza au fundi mitambo, na anataka albamu ya bluzi itakayosikilizika. Nitautumia mfano wa Stones mara nyingi kwa sababu unafundisha vizuri, lakini si wao peke yao. Aerosmith walifanya ya kwao mwaka 2004. Eric Clapton alirekodi albamu nzima ya bluzi mwaka 1994, watu wote wakipiga kwa pamoja, bila kubandika kitu juu yake isipokuwa sehemu mbili tu. Wote walikutana na kazi ile ile: bendi ya roki imezoea kuongeza, na bluzi inawataka wapunguze. Karibu kila hatua hapa chini ni namna fulani ya kupunguza.

Hatua ya 1: Sikilizeni kabla ya kushika ala

Wiki tatu kabla ya studio, kila mmoja apewe rekodi zile zile za awali. Sisemi nakala za bendi nyingine za roki. Nasema za wenyewe: Little Walter, Howlin' Wolf, Jimmy Reed, Magic Sam, Otis Rush, Lightnin' Slim. Mpiga dramu asikilize dramu peke yake, mpiga besi asikilize besi. Mpiga gitaa la solo apewe kazi ngumu zaidi: ahesabu ni mara ngapi gitaa limenyamaza.

Matokeo ya zoezi hilo huwashangaza wengi. Katika rekodi za Chicago za miaka ya 1950, gitaa huzungumza pale mwimbaji anapovuta pumzi, kisha linamwachia njia. Jimmy Reed alijenga nyimbo nzima juu ya mwendo mmoja wa uvivu ambao mwanafunzi wa gitaa anaweza kuujua kwa alasiri moja, na kuupiga kama yeye akatumia miaka 20.

Hatua ya 2: Chagueni nyimbo ambazo hazijachakaa

Hapa ndipo albamu nyingi za aina hii hufia. Kuna nyimbo kama 15 za bluzi ambazo kila bendi ya harusi ya Marekani na Uingereza inazijua. Ukiziweka, msikilizaji atakuwa ameshachoka kabla ya beti la pili. Tazama Stones walivyofanya: nyimbo nne kati ya 12 ni zile alizorekodi Little Walter, na si zile zake maarufu kabisa. Mbili zimetoka kwa Howlin' Wolf, tena za pembeni. Humo kuna Eddie Taylor, kuna Little Johnny Taylor. Mtu anayejua bluzi anakaa sawa kitini. Asiyejua anasikia kitu kipya.

Andikeni orodha ya nyimbo 30. Kila mwanabendi ana haki ya kukata tano bila kutoa sababu. Zinazobaki zipangeni kwa mwendo: za kuchechemea (shuffle kwa Kiingereza), za polepole, na zile zinazozunguka kwenye kordi moja. Zikiwa zote za polepole mtalaza watu. Zikiwa zote za kuchechemea, ni disko la wazee.

Mwongeze wimbo wenu mpya? Aerosmith waliweka mmoja tu. Mimi nashauri msiweke, isipokuwa uwe mzuri kiasi kwamba mgeni asiujue katikati ya wenzake. Wimbo mpya ukikaa baina ya kazi mbili za Willie Dixon, mtunzi mkubwa wa bluzi ya Chicago, unavuliwa nguo mchana kweupe.

Hatua ya 3: Haki za nyimbo, mapema

Wanamuziki huikimbia hatua hii, nami nakaa hapa kwa makusudi, kwa sababu historia ya roki na bluzi imejaa madeni.

Kila wimbo una mtunzi, na mtunzi si lazima awe yule aliyeuimba. Wimbo unaofunga Blue & Lonesome uliimbwa na Otis Rush mwaka 1956, lakini mtunzi ni Willie Dixon. Ule uliofungua njia pale Chiswick tunaujua kwa Little Walter, na mtunzi ni Memphis Slim. Kwa hiyo jedwali lenu liwe na safu tatu: aliyetunga, aliyerekodi, na kampuni inayomiliki haki za utunzi leo.

Msiandike "wimbo wa jadi" kwa sababu ni wa zamani. Robert Johnson alirekodi Texas mwaka 1936 na 1937. Miaka mingi nyimbo zake zilichukuliwa kama mali ya umma, na Stones wenyewe walizirekodi mbili kwa imani hiyo. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa Marekani iliamua kwamba haki zake hazikuwa zimepotea. Led Zeppelin nao walishtakiwa na Willie Dixon mwaka 1985 kwa mashairi waliyoyachukua, wakamalizana nje ya mahakama miaka miwili baadaye. Dixon alikuwa hai na alikuwa na masikio.

Kwa sheria ya Marekani, wimbo uliokwisha kutolewa hadharani kwa ridhaa ya mwenyewe unaweza kurekodiwa tena na mtu yeyote bila kubembeleza, mradi apeleke taarifa rasmi kwa mwenye haki kabla ya kusambaza na alipe kiwango kilichowekwa kisheria. Kiwango hicho kwa nakala ya sahani au ya kupakua kilikuwa senti 9.1 za dola kwa wimbo usiozidi dakika tano, kuanzia 2006 hadi mwisho wa 2022. Mwaka 2023 kikapanda hadi senti 12. Piga hesabu kwa kiwango hicho cha 2023, ambacho kimepanda tena tangu hapo: nyimbo 12 kwa senti 12 ni dola 1.44 kwa kila nakala. Nakala 10,000 ni dola 14,400 kabla hujamlipa hata fundi. Weka fedha hiyo kwenye bajeti siku ya kwanza.

Ruhusa hiyo inakuachia kupanga wimbo kwa mtindo wenu, lakini haikuruhusu kubadili sauti yake ya msingi wala kuandika beti jipya na kudai sehemu ya utunzi. Mkitaka hilo, mwandikieni mwenye haki barua na msubiri jibu.

Hatua ya 4: Ufunguo, umri, na baa 12

Jagger alikuwa na miaka 72 alipoimba zile nyimbo nne za Little Walter. Little Walter alifariki mwaka 1968 akiwa na miaka 37. Muddy Waters mwenyewe alifika 70 tu. Yaani mwanafunzi alikuwa ameshawapita walimu kwa umri, na hilo linasikika kooni mwake. Msilifiche. Sauti iliyokwaruzwa na miaka ni mtaji kwenye muziki huu, ikiwa tu wimbo umewekwa mahali inapofika bila kupiga kelele.

Kwa hiyo tafuteni ufunguo, yaani noti ya msingi ya wimbo, upya kwa kila wimbo. Mwimbaji akae na gitaa moja tu, aimbe beti la juu kabisa mara tatu mfululizo. Akikaza shingo mara ya tatu, shusheni.

Sasa mtego. Bendi nyingi za wakongwe hulegeza nyuzi zote nusu hatua ili kumsaidia mwimbaji, halafu wanaendelea kusema "tuko E" ilhali kwa kweli wako E-bemoli. Mpiga harmonika anakuja na harmonika ya kupigia wimbo wa E, na studio nzima inaumwa meno. Nimelishuhudia hilo, na ilibidi mtu atumwe dukani mvua ikinyesha. Kanuni ya harmonika ya bluzi ni kutumia ile iliyo hatua ya nne juu ya ufunguo wa wimbo: wimbo wa E unataka harmonika ya A, wa G unataka C, wa A unataka D. Mkiwa mmelegeza hadi E-bemoli, mnataka A-bemoli. Andikeni ufunguo halisi ukutani.

Muundo wenyewe mnaujua, lakini hakikisheni mnaujua sawa. Bluzi ya kawaida inazunguka baa 12, yaani mafungu 12 ya mapigo manne manne, na hapa sizungumzii baa ya bia. Kwenye E: baa nne za E, mbili za A, mbili za E, moja ya B7, moja ya A, moja ya E, na ya mwisho B7 ya kurudisha duara. Nyimbo nyingine zinagusa A kwenye baa ya pili kisha zinarudi. Nyingine hazihami kordi kabisa. John Lee Hooker alibadili kordi pale tu alipojisikia, na waliompigia ilibidi wamtazame mguu. Amueni kila wimbo ni wa aina gani, na nani anatazamwa.

Kuchechemea ndiko kunakowashinda wana roki. Gawa kila pigo vipande vitatu, piga cha kwanza na cha tatu, cha kati kiache kipite. Mpiga dramu wa roki akizoea kugawa pigo sawa kwa sawa, mkono wake utakuwa unanyoosha mwendo bila yeye kujua. Charlie Watts, mpiga dramu wa Stones, alikuwa na tabia yake: mkono wa kulia uliachia toazi kila wa kushoto ulipopiga sneya, ile ngoma ndogo ya mlio mkali. Kile kipande kidogo cha ukimya kiliufanya mwendo wote upumue. Alikuwa na miaka 74 siku zile pale Chiswick, na hakuna pigo lisilo na kazi.

Hatua ya 5: Acheni nyumbani nusu ya vifaa

Debe tupu haliachi kuvuma, na amplifaya ya wati 100 katika chumba cha studio ni debe la aina yake. Sauti ya gitaa la bluzi tunayoipenda imetoka kwenye amplifaya ndogo za valvu zilizosukumwa hadi zikaanza kukwaruza zenyewe. Amplifaya ya wati 5 hadi 15 inatosha kabisa. Ukumbuke pia kwamba kuongeza wati mara kumi kunaongeza ukubwa wa sauti masikioni kama mara mbili tu. Ile ya wati 100 inakuja kukutia gharama ya kuzuia kelele na haikupi ladha.

Pedali za kupamba sauti zifungwe kwenye sanduku na ufunguo apewe meneja. Mpiga solo atalalamika siku ya kwanza. Siku ya pili vidole vyake vitaanza kufanya kazi ambayo pedali zilikuwa zinamfanyia.

Besi: nyuzi zilizozeeka, au zile laini zisizo na mikwaruzo. Nyuzi mpya za chuma zinang'aa mno. Dramu: ngoma nne na matoazi mawili au matatu. Piano ya kweli ikipatikana ni bora. Kwa Stones ilikuwa kazi ya Chuck Leavell, na unaweza kuipita albamu nzima bila kumtambua hadi siku utakapomkosa.

Hatua ya 6: Chumba

Msomaji aliyekulia na rekodi za muziki wa dansi za Radio Tanzania anaijua sauti ya chumba kimoja: bendi nzima imekaa pamoja, maiki chache, na mwimbaji akikosea mnarudia wote. Hicho ndicho tunachokitafuta hapa.

Kaeni kwenye nusu duara, kila mmoja aone macho ya mpiga dramu na mdomo wa mwimbaji. Hedifoni ziachwe, au ziwe za mwimbaji peke yake. Bila hedifoni, bendi inajipunguza yenyewe: usipomsikia mwimbaji, wewe ndiye una kelele. Metronomu isiwepo. Nyimbo nyingi kubwa za Chess zinakimbia kidogo kuelekea mwisho.

Sauti zitavuja. Maiki ya mwimbaji itabeba dramu, maiki ya dramu itabeba gitaa. Fundi kijana ataogopa. Mwambie kuvuja huko ndiko kunakofanya chumba kisikike kama chumba, lakini kuna kanuni ya kukufanya usijutie: umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila maiki na kitu chake. Maiki ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye amplifaya, jirani yake awe sentimita 60 au zaidi. Geuza migongo ya maiki ielekee kwenye kelele usiyoitaka. Zulia chini ya dramu, blanketi nzito au godoro nyuma ya amplifaya ya besi.

Kwa dramu, tumia njia inayobeba jina la Glyn Johns, fundi aliyewarekodi Stones wenyewe miaka ya 1960. Maiki moja inaning'inia juu ya sneya, kama mita moja. Ya pili inakaa upande wa ngoma ya sakafuni, chini kidogo, ikitazama sneya. Siri ni umbali: chukua kamba, ipime kutoka katikati ya sneya hadi maiki ya kwanza, kisha hakikisha ya pili iko umbali ule ule sawasawa. Ongeza moja mbele ya ngoma ya mguu na nyingine kwenye sneya ikihitajika. Maiki nne, basi. Nimekaa na bendi iliyotundika maiki 14 kwenye dramu, ikapoteza saa tano za kodi ya studio, ikaishia kutumia tatu.

Maiki ya gitaa isogezwe karibu na spika, sentimita mbili hadi tano, nje kidogo ya kitovu chake. Ukiitaka sauti kali, ielekeze katikati. Ukiitaka nzito, isogeze ukingoni. Fanya hayo kabla ya kugusa kitufe chochote.

Harmonika ina utaratibu wake. Little Walter hakuipigia kwenye maiki nzuri ya studio. Aliishika maiki ya bei rahisi kwa mikono miwili pamoja na harmonika, akaifumba, akaichomeka kwenye amplifaya, na kwa mtindo huo akapata wimbo wa namba moja kwenye chati ya R&B mwaka 1952. Jagger naye anastahili sifa zaidi ya anazopewa kwa chombo hiki. Mfanyieni mpiga harmonika wenu vivyo hivyo: maiki ya umbo la risasi mkononi, amplifaya ndogo ya valvu, na maiki ya studio mbele ya hiyo amplifaya.

Hatua ya 7: Siku tatu

Siku moja kabla, wahusika wa mitambo wapange kila kitu na kukijaribu, wanabendi wasiwepo. Ukiwaita wazee saa nne asubuhi wakae wakisubiri sneya ipimwe, ifikapo saa tisa umepoteza kilichokuwa kimewaleta.

Wimbo wa kwanza uwe mwepesi, wa kupashia mikono, lakini mashine zirekodi. Tangu mtu wa kwanza anapochomeka gitaa hadi wa mwisho anapotoka, mashine zirekodi. Mkitumia mkanda, kumbukeni kwamba reli ya futi 2,500 kwa kasi ya inchi 15 kwa sekunde inakwenda dakika 33 tu, basi mwekeni mtu wa kutazama saa. Mkitumia kompyuta hamna kisingizio.

Kila wimbo upewe mikupuo mitatu. Wa kwanza watu wanauogopa, wa pili wanautambua, na wa tatu kwa kawaida ndio huo. Mkifika wa tano, uacheni, mhamie mwingine, mrudi kesho. Mwimbaji aimbe pamoja na bendi, si baadaye kwenye kibanda peke yake. Huwezi kumjibu mtu ambaye hajasema bado.

Solo ziwe duara moja, mbili zikizidi. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, baa 12 ni sekunde 24. Asiyeweza kusema jambo kwa sekunde 24 hana la kusema. Naomba radhi kwa wapiga solo wote ninaowafahamu.

Kosa likitokea, ulizeni swali moja: je, limevunja mwendo? Kama halikuvunja, liacheni. Kidole kilichoteleza na kordi iliyochelewa nusu pigo ni sehemu ya rekodi. Kordi ya wimbo mwingine, hapana.

Tazama tena tarehe za Stones. Tarehe 11 ilikuwa Ijumaa, 14 na 15 Jumatatu na Jumanne. Katikati kulikuwa na wikendi. Sijui kama walipanga au ni kalenda tu, lakini nawashauri muige: baada ya siku ya kwanza ya kuimba kwa nguvu, koo la mtu wa miaka 70 linahitaji siku mbili. Na mapumziko hayo yanampa prodyuza nafasi ya kusikiliza kwa utulivu na kujua ni mwendo gani umekosekana kwenye orodha.

Hatua ya 8: Mgeni mmoja, wa shule ile ile

Clapton alikuwa British Grove wakati huo kwa kazi yake mwenyewe, chumba cha jirani. Wakamwita, akapiga kwenye nyimbo mbili. Ushirika wao haukuanza siku hiyo. Mwaka 1963 Stones walipoondoka kwenye klabu ya Crawdaddy, Richmond, waliochukua nafasi yao ni bendi ya Yardbirds, na muda si mrefu Clapton akawa mpiga gitaa wao. Walikunywa kisima kimoja. Ndiyo maana anaingia bila kubisha hodi kwa nguvu.

Mkiorodhesha wageni kumi ili jalada lipendeze, mtapata albamu ya heshima isiyosikilizwa. Mmoja anatosha, na asijulishwe mapema mno, asije akafanya mazoezi.

Hatua ya 9: Kuchanganya sauti

Kama hatua ya sita ilifanyika vizuri, hapa kazi ni ndogo. Anza na maiki za juu ya dramu na ya mwimbaji peke yake. Huo tayari ni wimbo. Ongeza vingine hadi uvisikie, kisha rudisha nyuma kidogo. Sikiliza kwenye spika moja, mono, kwa sauti ya chini. Harmonika ikimezwa hapo, itamezwa kila mahali.

Mwangwi uwe wa kweli ikiwezekana. Mwaka 1947 Bill Putnam, fundi wa Universal Recording kule Chicago, aliweka spika na maiki ndani ya msalani pa studio ili kuipa bendi ya harmonika mwangwi, na wimbo ule ukavuma Marekani nzima. Msala wenye vigae unao na wewe. Peleka sauti ya harmonika kwenye spika humo, weka maiki upande wa pili, funga mlango, bandika karatasi ya kuzuia watu wasiingie. Ile karatasi ni muhimu kuliko maiki.

Msisahihishe sauti kwa programu ya kunyoosha noti. Noti za bluzi zinakaa kati ya noti na noti kwa makusudi, na programu itazivuta zote zikae kwenye mstari kama wanafunzi wa bweni.

Kwenye kumasta, yaani kuiandaa rekodi kwa mara ya mwisho kabla ya kutolewa, ngoma ikilia sana hupasuka. Mitandao kama Spotify hushusha rekodi zilizokandamizwa hadi kiwango chao cha kama -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo kuikamua albamu isikike kubwa hakukupi kitu, kunakuondolea tu tofauti ya kunong'ona na kupaza. Albamu nzima ya Stones ni kama dakika 42. Ukilenga muda huo, kila upande wa santuri unabeba dakika 21 bila kupoteza uzito wa chini.

Hatua ya 10: Jalada

Kabla jalada halijaenda kiwandani, mtu asome majina ya watunzi kwa sauti, akilinganisha na jedwali la hatua ya tatu, mstari kwa mstari. Mwaka 1968 Stones walirekodi wimbo wa Robert Wilkins, mchungaji wa Memphis aliyekuwa ameurekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1929, na jalada likatoka linasema umetungwa na Jagger na Richards. Ilirekebishwa baadaye. Wilkins alikuwa hai, anahubiri.